Mshale Unaokunywa Chai

Rusiate aliulizwa swali dogo tu, akalijibu kwa mdomo mkubwa, na taabu yake yote ikaanzia hapo.

Aliyemuuliza ni binti mmoja anaitwa Shalini, aliyeletwa kutoka mji mkuu, Suva, na Bosi Hemraj. Bosi alikuwa na yadi ya kukodisha mitambo ya ujenzi pale Lautoka, si mbali na bandari: vijiko vya kuchimbia barabara, magreda, mashine za kukorogea zege. Mitambo ilikuwa mingi, lakini mingi katika hiyo mingi ilikuwa imelala inasubiri vipuri, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari aliyekwenda kuvua samaki. Basi Shalini kazi yake ilikuwa kuchora. Alibandika karatasi ndefu ukutani kule ofisini juu, akawa anamwita mfanyakazi mmoja mmoja: wewe unafanya nini, unapokea kutoka kwa nani, unampa nani. Kila aliyejibu alichorewa kisanduku chake, na mishale ikatoka kisanduku hiki kwenda kile. Alisema mchoro ukikamilika, itaonekana vipuri vinakwama wapi toka vinapoagizwa mpaka vinapofungwa kwenye mtambo, halafu watabuni njia mpya.

"Na wewe, mzee, kazi yako ni nini?"

Mtu mwenye akili zake angesema, "Dereva," akanyamaza. Ndivyo alivyoandikwa. Lakini lori lake lilikufa siku nyingi, liko nyuma ya yadi, kuku wa mlinzi wanatagia kwenye kiti. Sasa utasemaje wewe ni dereva, mbele ya msichana mwenye kalamu za rangi, na lori lako lina mayai? Rusiate akaikaza sulu yake, kikoi cha kwao, kiunoni, akakohoa kidogo.

"Mimi ndiye ninayeunganisha."

"Unaunganisha nini?"

"Juu na chini, binti. Ofisi na stoo. Bila mimi hapa hakiendi kitu. Kila kipuri unachokiona kimepita kinywani mwangu."

"Kila kipuri?"

"Hata msumari. Na nikisema subiri, kinasubiri."

Shalini akaandika. Hakucheka, hakuguna, aliandika tu. Na Rusiate akashuka ngazi kifua mbele, kama jogoo aliyepanda juu ya jaa akadhani kaona dunia.

---

Wala hakusema uongo, mpeni haki yake. Alitia chumvi tu, na chumvi ikizidi ndiyo inayomtapisha mpishi mwenyewe.

Kule juu ofisini alikaa mkewe, Laisani, ndiye mwagizaji wa vipuri. Chini stooni alikaa Nemani, kaka yake Laisani, baba mmoja mama mmoja. Na hawa wawili hawakuwa wakisemezana. Si kwamba waligombana, hapana, walipendana sana. Ni heshima. Kwa watu wa kwao kule milimani, kaka na dada wakishakuwa wakubwa hawaitani majina, hawataniani, hawatazamani usoni, na jambo likiwepo lazima lipitie kwa mtu mwingine. Siku hizi vijana wa mjini wanacheka wakisikia hivyo, tena wanacheka huku dada zao wakiwarushia maneno ambayo mbwa hawezi kuyala. Haya, tuendelee.

Mtu wa kupitia akawa Rusiate. Alikuwa mume wa dada, kwa hiyo shemeji wa kaka, na shemeji kwetu ni mtu wa utani. Unamtania mpaka akalie kwao. Kwa hiyo kazi ilikwenda hivi:

"Rusiate, mwambie kaka yangu, ule mpira wa mafuta wa kijiko kikubwa ni mnene au mwembamba?"

Rusiate anashuka. "Shemeji! Dada yako anauliza mpira ule ni mnene, au mwembamba kama hiyo shingo yako ya bata?"

"Mwambie dada yangu ni mnene. Mnene kama kichwa cha mtu aliyemuoa."

Rusiate anapanda. "Anasema mnene."

"Kasema hivyo tu?"

"Hayo mengine yalikuwa yangu."

Ila njiani, baina ya kushuka na kupanda, palikuwa na lango, na nje ya lango palikuwa na Mama Akanisi, muuza chai na maandazi. Rusiate alikuwa hawezi kupita na neno mkononi bila kulipumzisha pale. Alisema neno ni kama mtoto, usilikimbize juani. Akikaa, akinywa, akiuliza habari za mjukuu wa Mama Akanisi mwenye pumu, akiwatukana kidogo wachezaji wa raga wa Nadi, halafu ndiyo anakumbuka: alaa, mpira mnene.

---

Mchoro ulipokamilika wafanyakazi wote waliitwa juu. Walisimama wameshika kofia zao, wananuka grisi. Rusiate alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alianza kutafuta kisanduku chake. Akakiona cha Laisani, kikubwa, cha kijani. Akakiona cha Nemani. Akaviona vya mafundi, vya bandarini, vya wauzaji wa Brisbane. Hata mlinzi alikuwa na kisanduku, na yule mlinzi analala kuliko kuku wake.

"Binti," akasema kwa upole, "mimi umenisahau."

"Sikukusahau, mzee. Uko hapa."

Akamwonyesha. Hakuwa kisanduku. Alikuwa mshale. Mshale mwekundu mnene, unaotoka kwa Laisani kwenda kwa Nemani, na haukunyooka: ulitoka nje ya lango, ukajizungusha kama nyoka aliyelala, ndipo ukarudi stooni. Shalini alikuwa amemfuata. Alikuwa amekaa kwenye gari, anamwangalia, na saa mkononi.

"Tulidhani vipuri vinachelewa baharini," Shalini akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Meli inachelewa, ndiyo, lakini si sana. Wauzaji wanachelewa, si sana. Pengine kipuri kimekwishafika, kiko stooni, na ofisi haijui. Au fundi ameomba, na ofisi haijasikia. Ucheleweshaji mkubwa uko hapa, kwenye ngazi."

Fundi Isikeli, ambaye Mungu alimnyima nywele akamzidishia ulimi, akasema kutoka nyuma:

"Jamani, mshale wenyewe unakunywa chai!"

Walicheka mpaka madirisha yakatikisika. Rusiate naye alicheka. Utafanyaje? Ukichekwa ukanuna unachekwa mara mbili. Lakini masikio yake yalikuwa ya moto, na lile shati la kanisani likaanza kumbana shingoni.

Bosi Hemraj hakucheka sana. Alikuwa amemjua Rusiate tangu lori likiwa zima.

"Mzee wangu, usione vibaya. Shalini ameleta tableti mbili. Moja ya juu, moja ya chini. Laisani akibonyeza, Nemani anapata hapohapo. Tutajaribu mpaka mwisho wa mwezi. Katika majaribio wewe usibebe neno hata moja, sawa? Hata moja. Kazi ikienda vizuri bila wewe, basi..." Akajikuna shavu. "Basi tutakuaga kwa heshima. Tutakunywa bakuli la yangona, tutachinja."

Mjumbe hauawi, wahenga walisema. Hawakusema haachishwi kazi.

---

Jioni ile nyumbani, Laisani alipakua samaki wa nazi na magimbi. Nemani alikuwa anakaa kibanda cha uani, na chakula chake alikula barazani, upande wa pili wa ukuta wa mbao, mgongo wake kwa mlango. Ukuta ule ulikuwa mwembamba hata unamsikia mtu anatafuna.

"Mpelekee kaka yangu sahani yake."

"Nimekatazwa kubeba."

"Umekatazwa kubeba maneno. Huyu ni samaki."

Rusiate akapeleka. Aliporudi, mkewe alikuwa amemkazia macho.

"Ulimwambia nini yule msichana?"

"Nilimwambia kila kipuri kinapita kinywani mwangu."

"Ndiyo maana vinafika vimelowa chai."

"Laisani, nimeumia."

"Najua umeumia. Ungesema wewe dereva, saa hizi ungekuwa dereva. Nani aliuliza habari za lori? Tangu unioe hujawahi kuulizwa jina ukataja jina tu, lazima uongeze na la kijiji na la samaki mkubwa uliyemvua."

Upande wa pili wa ukuta Nemani alikohoa. Kikohozi chake kilikuwa ndiyo hodi yake.

"Shemeji!"

"Nini?"

"Mwambie dada yangu, yule samaki ulimnunua sokoni. Nilikuwepo."

Laisani akafunika mdomo kwa kiganja. Halafu kicheko kikamwisha, akawa anachezea ncha ya kitambaa cha meza.

"Rusiate. Nitamsemeshaje kaka yangu kwa kile kitu? Nikikibonyeza, jina lake linatokea. Nikiandika, ni mimi ninayemwambia yeye. Lete hiki, fanya hiki. Mama yangu akisikia huko aliko atageuka kaburini."

"Mama yako alikuwa hapendi nikae kitako. Labda atafurahi nikifukuzwa."

"Sitanii." Na kweli hakuwa akitania. "Mshahara wangu utatulisha. Si hilo. Lakini wewe utakaa hapa kutwa unafanya nini? Utabeba maneno ya nani? Utamwambia paka?"

Rusiate alijiona mwenyewe barazani, mzee mzima, anasubiri mke arudi na mkate, na wapita njia wanauliza, leo huendi kazini, mzee? Mwanamume wa milima na bahari, anakaa nyumbani kula cha mkewe bila hata neno la kubeba. Akaisukuma sahani kando.

---

Majaribio yakaanza. Kwa kuwa mikono ya Nemani haitoki grisi, Shalini alikifundisha kile kitableti kusema kwa sauti. Mwanamke fulani yumo ndani yake, haonekani, sauti yake laini kama ya mtangazaji wa redio wa habari za vifo.

Sasa Laisani kule juu alikaa mbele ya tableti yake asubuhi nzima. Kijiko kimoja kilikuwa kimekufa barabarani, kwenye mlima wa kwenda Nadi, ambako udongo uliporomoka na mvua. Pampu yake imepasuka, magari yamezibwa pande zote mbili, na mwenye barabara, yule mkandarasi aliyekikodi, anampigia Bosi simu kila anapokumbuka. Laisani alitakiwa aulize stoo: pampu ipo, au niagize Brisbane? Neno moja tu. Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta. Mwisho akatuma hivi:

*Ikiwa kuna mtu yeyote huko chini, na ikiwa mtu huyo hana shughuli, basi kuna watu wanaitafuta pampu ya kijiko.*

Huko chini, Nemani alikuwa ameinama ndani ya pipa. Ghafla mwanamke akasema nyuma ya mgongo wake:

"Nemani. Ujumbe kutoka kwa Laisani."

Nemani aliruka, akagonga kichwa, spana ikamdondokea mguuni. Jina lake na jina la dada yake, kwa mdomo mmoja, ndani ya stoo, yeye na sauti peke yao! Hakusubiri ujumbe wenyewe. Alikitwaa kile kitu kwa ncha za vidole, akakifunika gunia, akaweka tairi juu ya gunia. Akatoka nje akichechemea, akasimama juani.

"Mashine haina adabu," alimwambia Rusiate, ambaye alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na lango. "Inaita watu majina kama polisi."

"Ilisema nini?"

"Sikukaa kusikia. Inataka nini?"

Na Rusiate alikuwa anajua. Fundi Isikeli amepita anapiga kelele za pampu tangu asubuhi, akipanda ofisini, maana fundi huomba juu, si stooni. Tena alijua na lingine: pampu ipo. Nemani mwenyewe alimwambia juzi, wakiwa wanakunywa yangona, kwamba muuzaji alileta mbili kwa makosa, na ya pili ameiweka nyuma ya matairi. Neno lilikuwa limekaa kwenye ulimi wa Rusiate, limeshavaa viatu. Kupanda ngazi tu.

Akalimeza.

Alijiambia ni amri ya Bosi. Alijiambia akisema, watasema ameharibu majaribio kwa makusudi. Hayo yote kweli. Lakini mzee wa watu na mvi zake, ukimfunua sana chini ungekuta kitu kingine: alikuwa amenuna. Alitaka waone. Alitaka kijiko kioze kule mlimani mpaka majani yaote kwenye kabini, halafu waje wampigie magoti. Amekalia ndoo, amenuna, kama mtoto aliyenyimwa muwa. Hata chai ya Mama Akanisi aliinywa ikamwia maji ya kuoshea vyombo.

"Leo huongei," Mama Akanisi akasema.

"Mimi ni mshale. Mshale haongei."

"Basi shuka kwenye ndoo yangu, mshale. Nataka kuoshea vikombe."

---

Siku ya tatu Bosi Hemraj aliingia yadini na gari kwa kasi, vumbi likawafunika kuku. Mwenye barabara alikuwa amesema kijiko kisipofanya kazi leo, kesho anakodisha kwa mwingine, na hicho si kijiko kimoja, ni mitambo yote ya mlima ule. Laisani alikuwa kalamu mkononi, anataka kuagiza pampu nyingine Brisbane. Shalini alikuwa ameinamia tableti yake, haamini: ujumbe umetumwa, umefika, haujajibiwa. Umefika, haujajibiwa. Mchoro wake ulisema haiwezekani.

"Nemani!" Bosi akaita. Nemani akaja mpaka chini ya ngazi, kofia mkononi. "Laisani!" Laisani akatokea juu ya ngazi. Yadi nzima ikasogea. "Laisani, mwagizaji wa vipuri ni wewe, mtu wa stoo huyo hapo. Muulize pampu iko wapi."

Laisani akatazama ukuta.

Nemani akatazama kofia yake.

"Mmegombana?"

"Hapana, Bosi," Laisani akauambia ukuta.

"Hapana, Bosi," Nemani akaiambia kofia.

"Basi muulize!"

Macho ya Laisani yaliondoka ukutani. Yakapita juu ya vichwa vya watu, juu ya Isikeli, juu ya Bosi, yanatafuta, mpaka yakamkuta Rusiate kule langoni. Yalisimama hapo. Na Rusiate aliyekuwa ameomba siku tatu waje wampigie magoti, alipoyaona macho ya mkewe yamejaa maji mbele ya watu, kununa kwake kulimtoka kote kama upepo kwenye tairi. Akafungua mdomo. Bosi akanyoosha kidole: "Wewe usiseme!" Akaufunga.

Bosi alizaliwa palepale Lautoka, mila za watu anazijua. Ila alikuwa anadhani mtu akija kazini anaziacha nyumbani pamoja na mkeka. Simu yake ikalia tena. Ni mwenye barabara. Akaipokea, akawa anaomba radhi kwa lugha tatu.

Shalini hakuweza kuvumilia. Alikuwa mtu wa kazi, na jibu lilikuwa hatua chache kutoka kwenye swali.

"Jamani! Kaka Nemani, anauliza pampu ya kijiko iko wapi."

Nemani akashusha pumzi, kama aliyefunguliwa kamba. "Mwambie ipo. Iko nyuma ya matairi. Muuzaji alileta ya ziada."

Shalini akapanda. "Anasema ipo, nyuma ya matairi."

"Muulize kama ni mpya, na kama ina maboliti yake."

Shalini akashuka. "Ni mpya? Ina maboliti?"

"Mpya kabisa. Maboliti mwambie yapo, yako kwenye kopo la biskuti."

Akapanda. "Maboliti yako kwenye kopo la biskuti."

"Kopo jekundu au la buluu? Maana la buluu ni la greda."

Akashuka. "Jekundu au buluu?"

"Jekundu. Na mwambie," Nemani akasema, mazoea yakiwa yamemshika sasa, uso umekunjuka, "mwambie ile pampu kuukuu asiitupe, amvishe mumewe, wanafanana mashavu."

Shalini akapanda akihema. "Jekundu. Na anasema pampu kuukuu... mumeo..." Akasimama katikati ya ngazi. Akatazama juu. Akatazama chini. Watu wote walikuwa wameuma midomo.

Isikeli amekwishakimbilia stooni, ametoka na pampu begani. Gari la Bosi likawashwa. Na Shalini, jasho linamtiririka, akashuka akaegemea nguzo ya lango kupata pumzi. Mama Akanisi, ambaye hakuna mtu aliyemwita kwenye mkutano wala kumchora ukutani, alimwangalia yule mtoto wa watu alivyochoka, akamimina kikombe, akampa. Shalini akapokea. Akanywa.

"Mshale mpya!" Isikeli akapiga ukelele kutoka juu ya gari. "Na huyu naye anakunywa chai!"

Hapo hakuna aliyebaki. Bosi mwenyewe aliinama juu ya usukani. Shalini alitazama kikombe mkononi mwake, akatazama dirisha la ofisi ambako mchoro wake ulikuwa ukutani, na akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

---

Kijiko kilinguruma jioni ile. Kesho yake Shalini alimwita Rusiate juu, akampa kalamu nyekundu.

"Mzee, nimekosa. Niliuliza neno linachukua muda gani. Sikuuliza kwa nini haliwezi kwenda lenyewe."

"Na mimi nimekosa," Rusiate akasema. "Uliniuliza kazi yangu nikakupa sifa zangu."

"Lakini kuhusu chai sikukosa."

"Kuhusu chai hukukosa, binti. Hapo umechora sawasawa. Hata ule mkunjo wa kumuuliza habari za mjukuu umeuweka."

Basi wakabuni njia mpya, na ubunifu wenyewe ulikuwa kiti. Kiti cha mbao, kiliwekwa kwenye ubapa wa katikati ya ngazi, baina ya ofisi na stoo. Tableti zote mbili akapewa Rusiate, moja goti hili, moja goti lile. Fundi akiomba, meli ikifika, kipuri kikitoka, vyote vinaingia kwake, na yeye anainua uso anasema juu, anainamisha uso anasema chini. Miwani alinunuliwa na Bosi. Chai alikatazwa kuifuata. Mama Akanisi akaruhusiwa kuipandisha. Lori lililokufa likauzwa chuma chakavu, kuku wakahamishiwa kwenye kreti, na jina la dereva likafutwa. Shalini akachora kisanduku kidogo ukutani, akauliza aandike nini ndani yake. Rusiate alifungua kinywa, yakamjia majina makubwa matatu manne, akayaangalia, akayaacha yapite.

"Andika Rusiate," akasema.

Kilichochekesha ni kwamba pale katikati, Laisani akisema juu, Nemani chini anasikia kila neno. Na Nemani akijibu, Laisani naye anasikia. Lakini wote wawili walisubiri. Walikaa kimya, na adabu zao, mpaka Rusiate alirudie.

---

Jioni ya mwisho wa mwezi, mwezi uleule aliotakiwa kuagwa, walikuwa wanakula. Moshi wa miwa iliyochomwa mashambani ulikuwa umeingia mpaka ndani, na majivu meusi yanadondoka kwenye kizingiti. Nemani alikuwa barazani, mgongo kwa mlango, anatafuna.

"Shemeji! Mwambie dada yangu magimbi ya leo yameiva vizuri."

"Anasema magimbi yameiva."

"Mwambie asante. Mwambie yapo mengine."

"Yapo mengine, shemeji, ukitaka. Lakini tumbo lako lina mpaka?"

"Mwambie basi, nimeshiba."

Laisani akaweka kijiko chini.

"Rusiate."

Rusiate akafuta mikono, akainuka, akashika kitasa cha mlango. "Nimwambie nini?"

"Nani?"

"Kaka yako."

"Nimemtaja kaka yangu mimi? Nimesema Rusiate."

Akabaki amesimama, mkono kitasani.

"Siku ile pale ngazini," Laisani akasema, na sauti aliishusha, "nilipotazama watu wote wale, sikutafuta wa kunibebea neno. Nilikuwa naogopa, nikakutafuta wewe. Ulipotaka kusema ukakatazwa, nilikuona. Mashavu yametuna kweli kama pampu." Akacheka kidogo, akafuta jicho kwa ncha ya kitambaa. "Nimefurahi hukuondoka. Basi. Hilo si la kupeleka mahali. Hilo lako."

Miaka yote ile maneno yalikuwa yakimpitia kama maji kwenye bomba, na bomba halijui kunywa. Rusiate alisimama pale na neno lake, hajui alishike vipi, aliweke wapi. Alitazama mlango, alitazama meza. Akarudi akakaa.

Huko nje kikohozi kikasikika.

"Shemeji! We shemeji! Dada yangu kasemaje?"

Rusiate akavuta sahani yake karibu.

"Limekwama!" akajibu.

"Limekwama wapi?"

"Hapa kwangu, shemeji. Na hili haliji."